Sura ya Sita: Mashua Katika Bahari ya Nafaka

Katika lugha ya wachezaji wa gemu za video, nyongeza ni sehemu mpya ya masimulizi, ardhi na vifaa ambayo hutolewa miezi kadhaa baada ya gemu yenyewe kuingia sokoni, ikauzwa kwa bei yake, na isichezeke bila gemu ya awali, kama ghorofa isivyoweza kusimama bila nyumba ya chini. Gemu ya uhusika nayo ni ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mtu mmoja wa kubuni, akamkuza kwa hatua zinazohesabiwa, ziitwazo leveli, akimtafutia silaha na stadi kadiri hadithi inavyosonga. Gemu ya namna hiyo inapoingia katika masimulizi ya ajabu, yaani yale yanayoruhusu miungu, mizuka na nchi zisizo katika ramani yoyote, swali lake kubwa huwa moja: je, nchi hiyo ya ajabu imefikiriwa kwa akili ya watu walioiamini, au imepakwa rangi tu ili mchezaji apate mahali papya pa kupigania?

Sura hii inalipeleka swali hilo kwenye nyongeza moja, The Curse of the Pharaohs, yaani Laana ya Mafarao, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2018 na kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft kwa ajili ya gemu ya Assassin's Creed Origins, na inaitazama kutoka bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara hadi Mlimba. Pahali hapo pa kutazamia hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Nchi ya wafu inayosawiriwa katika nyongeza hiyo ni bonde la mto lenye matete, nafaka na mashua, na msomaji aliyekulia kando ya mto unaofurika kila masika ana haki ya kuipima nchi hiyo kwa kipimo ambacho wahakiki wa Ulaya na Marekani hawakuwa nacho. Isitoshe, sauti ya shujaa wake ilitolewa na mwigizaji mwenye asili ya Kenya, ambaye miaka sita baadaye aliongoza utengenezaji wa gemu inayosema Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na gemu hiyo ya baadaye inaonyesha vizuri ni kitu gani nyongeza ya mwaka 2018 ilikikosa.

Gemu ya awali ilitoka tarehe 27 Oktoba 2017. Masimulizi yake yamewekwa Misri, kati ya mwaka 49 na 47 kabla ya Kristo, wakati Kleopatra na ndugu yake Ptolemaio wa 13 walipokuwa wakigombea kiti, na shujaa wake ni Bayek wa Siwa, mmoja wa Medjay, walinzi wa kale wa mafarao (au mafirauni, kama wasemavyo wasomaji wa Kurani), anayewasaka waliohusika na kifo cha mwanawe mdogo, Khemu. Mfululizo wa Assassin's Creed, ulioanza mwaka 2007, ulikuwa hadi wakati huo mfululizo wa kunyata na kuvizia. Ni gemu hii iliyougeuza ukawa wa uhusika kamili, wenye leveli 40, silaha za madaraja tofauti na mti wa stadi, yaani mchoro unaoonyesha ujuzi ambao mchezaji anaweza kuununua kwa alama alizozichuma. Nyongeza ya kwanza, The Hidden Ones ya Januari 2018, ilimpeleka Bayek Sinai na kupandisha kikomo cha leveli hadi 45. Ya pili, ambayo ndiyo mada ya sura hii, iliuzwa kwa dola 19.99 za Marekani, ikapandisha kikomo hadi 55, na ikaachana na historia inayoweza kuthibitishwa ili kuingia moja kwa moja katika mambo ya kuzimu.

Bayek anafika Thebes, jiji ambalo leo huitwa Luxor, na kukuta watu wanauawa mitaani na vivuli vya wafalme waliokufa karne nyingi nyuma. Makaburi ya Bonde la Wafalme yameporwa, mali za marehemu zinauzwa, na nyuma ya machafuko hayo kuna hasira ya Isidora, kuhani wa kike wa Amun, pamoja na kifaa chenye nguvu ambacho mfululizo huu hukitumia mara kwa mara kueleza mambo yasiyoelezeka. Kupitia makaburi ya Nefertiti, Akhenaten, Ramesses wa Pili na Tutankhamun, mchezaji anavuka na kuingia katika nchi nne za wafu, kila moja ikiwa na anga, mimea na wanyama wake.

Nchi ya Nefertiti inaitwa Aaru, jina ambalo Wamisri wa kale walilitumia kwa Shamba la Matete, mahali pa raha ambapo mtu mwenye moyo mwepesi kuliko unyoya wa Maat, mungu wa haki, aliruhusiwa kuishi milele. Mchezaji anapotoka kwenye giza la kaburi anajikuta mbele ya mashamba ya nafaka iliyoiva, ya rangi ya dhahabu, yanayofika hadi upeo wa macho, na katikati ya mashamba hayo mashua za tanga zinapita polepole bila maji yoyote kuonekana chini yake. Wahakiki wengi waliisifu picha hiyo kama kilele cha ubunifu, kana kwamba mashua kupita katika nafaka ni jambo ambalo haliwezi kutokea isipokuwa ndotoni.

Katika bonde la Kilombero jambo hilo halihitaji ndoto. Mvua za masika zinapoijaza mito inayoshuka kutoka Udzungwa na Mahenge, maji hutanda juu ya uwanda ambao mwaka 2002 uliorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na mpunga unaokua humo hurefuka pamoja na maji. Anayelinda ndege akiwa juu ya dungu, yaani kile kichanja cha miti kinachoinuliwa shambani, humwona mvuvi wa Kindamba akipita kwa mtumbwi bila kuuona mtumbwi wenyewe: kinachoonekana ni kichwa, mabega, na upondo unaopanda na kushuka juu ya masuke, huku mpunga ukigawanyika mbele na kufunga tena nyuma kana kwamba hakuna aliyepita. Mtu aliyeiona hali hiyo akiwa mtoto haitazami Aaru ya gemu kama maajabu; anaitazama kama nyumbani kulikotakaswa, na hivyo hasa ndivyo Mmisri wa kale alivyoitazama. Pepo yake ilikuwa ardhi ileile aliyoilima, ikiwa na mto uleule, bila njaa na bila nzige.

Hapo ndipo penye nguvu kubwa ya nyongeza hii, na inafaa kukaa hapo kidogo. Wamisri hawakuamini kwamba wafu walipumzika kwa kukaa tu. Aaru ilikuwa na kulima, kupanda na kuvuna, kiasi kwamba marehemu aliyejiweza alizikwa na vinyago vidogo viitwavyo shabti, ambavyo kazi yake ilikuwa kuitika kwa niaba yake pindi angeitwa kwenda kondeni. Katika kaburi la Tutankhamun zilikutwa shabti 413. Watengenezaji wa gemu wangeweza kuchora pepo ya mawingu na kuta nyeupe, picha ambayo sinema za Magharibi zimeizoesha dunia nzima, na hakuna mnunuzi ambaye angelalamika. Badala yake walichagua udongo, mazao na vyombo vya kusafiria. Hata mwanga wameushughulikia kama mtu anayejua kwamba saa ya mwisho ya alasiri, nafaka inapokuwa karibu kuvunwa, ina rangi ambayo haipatikani wakati mwingine wowote wa mwaka.

Nchi ya Akhenaten inastahili sifa ya namna nyingine, ambayo ni ya kiakili zaidi. Farao huyo, aliyetawala katika karne ya 14 kabla ya Kristo, aliiweka kando miungu ya zamani na kuabudu Aten, yaani duara la jua, akajenga mji mkuu mpya kwa ajili yake. Katika dini yake, Osiri, mungu wa wafu, na ufalme wake wa chini vilikosa nafasi viliyokuwa nayo awali. Kumpa mtu wa imani hiyo kuzimu ya giza kungekuwa kosa, na waandishi wa nyongeza hii hawakulifanya. Wamempa nchi ya jua na jiji lake, na jina la nchi hiyo ni Aten. Mchezaji asiyejua historia hatagundua lolote, lakini anayeijua ataona kwamba kila marehemu amepewa ahera kulingana na alichokiamini alipokuwa hai, na wazo hilo ni zito kuliko mapigano yote yanayofuata. Kuhusu nchi mbili zilizobaki hakuna mengi ya kusema: zina maumbo makubwa, na macho hushiba kabla akili haijaanza kula.

Udhaifu unaanza kwenye jina lenyewe. Maneno "laana ya mafarao" hayakutoka Misri ya kale kwa namna yanavyofahamika leo, bali yalisambazwa na magazeti ya Ulaya na Marekani baada ya Howard Carter kulifungua kaburi la Tutankhamun mwaka 1922, na baada ya mfadhili wake, Lord Carnarvon, kufariki Cairo mwezi Aprili 1923. Magazeti yalihitaji habari za kuuza, na marehemu mwenye kisasi aliuza kuliko marehemu aliyelala. Kuna huzuni katika hilo, kwa kuwa hadithi ya kweli ya uporaji wa makaburi ya Thebes ni nzuri kuliko ya magazeti: zipo hati za mafunjo za zama za Ramesses wa Tisa, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, zinazoeleza ukaguzi wa makaburi na mashtaka ya mafundi na watumishi wa mahekalu waliokuwa wakiyavunja na kugawana dhahabu. Nyongeza inaigusa hadithi hiyo kupitia soko la magendo na hasira ya Isidora, na kila inapoigusa inakuwa na uhai, kisha inaiacha mapema mno ili kumrudisha mchezaji kwenye vivuli vyenye mapanga.

Udhaifu mkubwa zaidi uko katika namna wafu wanavyohesabiwa. Neno la Kiswahili kuzimu lina shina moja na neno mizimu, na maana yake ya asili ni mahali inapokaa mizimu ya ukoo, wazee waliotangulia, kabla ya maana ya mahali pa adhabu haijaongezwa na dini zilizokuja baadaye. Miongoni mwa Wapogoro wa Ulanga na Mahenge, na kwa majirani zao wa bondeni, mizimu hiyo huitwa mahoka, na uhusiano wa walio hai nayo ni uhusiano wa jamaa: huarifiwa panapotokea jambo, hupewa unga na pombe katika tambiko, hulalamika inaposahauliwa, na malalamiko yake husikilizwa kwanza ili ijulikane nani amekosa nini. Mzimu unaosumbua, kwa fikra hiyo, ni mdai. Dawa ya mdai ni kulipwa deni lake, na anayemkabili kwa mkuki amekwisha kukosa adabu kabla hajarusha.

Nyongeza hii inaukaribia ukweli huo bila kuufikia. Makaburi yameporwa, wafalme wamekasirika, na sababu ya hasira yao ni ya haki; kila kitu kiko tayari kwa ajili ya masimulizi ya kurejesha kilichoibwa, kuomba radhi na kuwapoza wenye mali. Wapo hata wafu wachache katika kazi za pembeni, yaani zile safari fupi zisizo za lazima, ambao wana haja zao za kibinadamu, na kukutana nao ni miongoni mwa saa bora za gemu yote. Lakini wafalme wenyewe wamegeuzwa kuwa mabosi, neno la wachezaji kwa adui mkubwa anayefunga njia mwishoni mwa sehemu, na hesabu yao inafungwa kwa upanga. Nefertiti, malkia ambaye nchi yake ya raha imechorwa kwa upendo mwingi namna ile, anaishia kuwa mstari mwekundu wa uhai unaopungua juu ya skrini. Mchezaji anaondoka na ngawira, na nafaka inabaki ikiyumba nyuma yake kana kwamba haikuwa na mwenyewe.

Mtetezi wa gemu atasema kwamba mapigano ndiyo lugha ya mchezo wa namna hii na kwamba bila hayo hakuna kitu cha kucheza. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama kampuni hiyohiyo, mwezi mmoja tu kabla, isingetoa toleo la elimu la gemu hiyohiyo, Discovery Tour, ambalo liliondoa mapigano yote na kuweka ziara 75 za kuongozwa katika Misri yake, likapokewa vizuri na walimu na wachezaji pia. Ustadi wa kuifanya ardhi izungumze bila damu ulikuwapo ndani ya nyumba. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuutumia.

Kuna pia uchovu unaotokana na hesabu za leveli. Kwa kuwa kikomo kimepandishwa hadi 55, kila adui amepandishwa pia, na upanga uliomhudumia Bayek tangu Siwa unageuka butu kwa sababu ya tarakimu tu. Vivuli vya mafarao vinavyoibuka bila taarifa mitaani mwa Thebes vinasisimua mara ya kwanza, na mara ya pili, lakini baadaye mchezaji huanza kubadili njia akisikia kelele, kama mtu anayemkwepa mdai wake sokoni. Mpangilio wa nchi nne pia unarudiwa: kuingia kaburini, kuvuka mlango, kuzurura, kupambana, kutoka. Na mto wenyewe, ambao kupanda na kushuka kwake ndiko kulikowapa Wamisri kalenda, kodi na dini, katika Thebes ya gemu umesimama palepale mwaka mzima. Kwa mtu wa Kilombero, ambaye huhesabu mwaka kwa maji kuja na maji kuondoka, hilo ni pengo kubwa kuliko inavyoweza kudhaniwa na mtu wa mjini.

Kinachoiokoa nyongeza katika sehemu zake dhaifu ni sauti. Bayek anasemewa na Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia yenye asili ya Kenya, ambaye alimpoteza baba yake mwaka 2013, na uzito wa msiba huo unasikika katika namna anavyomsemea baba aliyefiwa na mwana. Bayek hapigi kelele anapoongea na mtoto wa barabarani wa Thebes. Anashusha sauti, anasubiri, na katika kusubiri huko msikilizaji anamsikia Khemu ambaye hayupo. Mazungumzo mengi ya nyongeza hii yameandikwa kwa haraka, na mwigizaji wa kawaida angeyapitia kwa haraka hiyohiyo.

Hata hivyo, sifa na kasoro zote hizo hazimfikii mchezaji wa Mlimba kwa njia moja na zinavyomfikia mchezaji wa Paris. Mlimba ni kituo cha reli ya TAZARA, njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, mahali ambapo treni hujiandaa kuikabili miinuko na mahandaki ya kuelekea Makambako. Diski ya gemu inaweza kusafiri kwa treni hiyo, au kwa basi kupitia Ifakara, ikiwa ndani ya mfuko wa mtu yeyote. Inaweza kuazimwa, kuuzwa mkono wa pili na kubadilishwa kwa nyingine. Nyongeza haiwezi. Haimo ndani ya diski ya gemu, hupakuliwa kwa intaneti, huwa na ukubwa unaokula kifurushi cha simu hadi kumaliza, na hufungwa kwenye akaunti ya mnunuzi mmoja ambaye hawezi kuirithisha kwa jirani. Kwa hiyo katika sehemu nyingi za Tanzania gemu ya awali inajulikana, na nyongeza yake inasikika kama uvumi.

Uchumi wa vibanda vya gemu unazidisha jambo hilo. Kibanda, chenye skrini moja au mbili na pedi zilizochakaa vitufe, kwa kawaida hulipisha kwa mechi au kwa dakika, na ndiyo maana mpira wa miguu umetawala humo: mechi ina mwanzo na mwisho, ina mshindi, na anayesubiri zamu anajua atasubiri kwa muda gani. Gemu ya uhusika inataka mtu mmoja akae saa kadhaa, arudi kesho yake palepale alipoachia, na akumbuke majina ya watu waliokufa. Umeme nao una neno lake, japokuwa kituo cha Kihansi, chenye uwezo wa megawati 180, kiko katika milima inayopakana na bonde. Umeme ukikatika katikati ya kupambana na farao, saa nzima ya mchezaji inaweza kupotea, na hakuna mwenye kibanda anayerudisha pesa kwa ajili ya saa iliyopotelea kuzimu.

Kizuizi cha lugha ndicho cha ndani zaidi. Assassin's Creed Origins na nyongeza zake hazina Kiswahili, wala kwa sauti wala kwa maandishi, ingawa shujaa wake anasemewa na mtu ambaye lugha hiyo ni ya kwao. Watanzania walikwisha kuonyesha zamani namna ya kukivuka kizuizi cha aina hii kwa upande wa sinema: Derek Gasper Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akitafsiri, akieleza na kuongeza mambo yake pale alipoona mtazamaji ataachwa nyuma, na wasimuliaji waliofuata wameijaza sauti hiyo katika vibanda umiza vya miji mingi. Gemu ya uhusika haikubali msimulizi wa namna hiyo kwa urahisi, kwa sababu hadithi yake hugawanyika kulingana na anachofanya mchezaji. Kinachotokea ni kwamba anayejua Kiingereza kuliko wenzake husoma kwa sauti na kufupisha, na nusu ya maneno ya Isidora huishia kwenye ufupisho wa "huyu mama amekasirika."

Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia katika gemu kubwa kwa mlango wa muziki: wimbo "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin kwa maneno ya Sala ya Bwana kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005, ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011, na ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kuipata. Lakini kuimbwa mwanzoni mwa gemu ambayo mazungumzo yake yote ni ya lugha nyingine ni sawa na kukaribishwa barazani na kuachwa hapohapo. Aliyeufungua mlango wa ndani ni Salim mwenyewe. Studio aliyoianzisha, Surgent Studios, ilitoa tarehe 23 Aprili 2024, chini ya Electronic Arts, gemu ya Tales of Kenzera: ZAU, ambayo mchezaji anaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. Si nyongeza, na kwa uainishaji mkali si gemu ya uhusika bali ya kuruka, kupanda na kutafuta njia katika ramani inayofunguka kidogo kidogo. Hata hivyo inaijibu Laana ya Mafarao hatua kwa hatua, kama mtu aliyekaa ndani ya nyumba ya wengine kwa muda mrefu, akahesabu madirisha yake, kisha akaenda kujenga yake.

Katika gemu hiyo, kijana Zuberi amefiwa na baba yake, aliyemwachia kitabu alichokiandika. Ndani ya kitabu hicho kuna Zau, mganga kijana anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: atamletea roho tatu kubwa zilizokataa kufa, naye arudishiwe baba yake. Kilichokosekana kwa Nefertiti kipo hapa tangu mwanzo. Kalunga ni mzee anayetembea na kijana njiani, anayemuuliza maswali, anayengoja hasira ipoe. Mauti ina uso, ina adabu, na inajadiliana. Hata zile roho tatu, ambazo bila shaka zinapiganwa, kila moja ina jeraha lake, na Zau hulazimika kulielewa jeraha hilo kabla safari haijaendelea. Vinyago viwili anavyovibadilisha vitani, cha jua na cha mwezi, vimetoka kwa baba, kwa hiyo kila pigo analopiga ni urithi.

Gemu hiyo nayo ina kasoro, na kuzificha kwa sababu ya mapenzi hakutaisaidia. Ni fupi, njia zake hazina siri nyingi, na sehemu zake za kukimbia bila kusimama huadhibu kosa dogo kwa kumrudisha mchezaji nyuma mno. Zaidi ya hapo, ilitangazwa kuwa imejengwa juu ya masimulizi ya Wabantu, lakini roho zake tatu zimekusanywa kutoka mbali na kwa watu tofauti: Impundulu, ndege wa radi, ni wa kusini mwa Afrika, GaGorib ametoka katika masimulizi ya Wakhoikhoi, ambao si Wabantu, na Kikiyaon, bundi wa kutisha, ni wa Senegal na Gambia. Mkusanyiko huo unalifanya bara zima kuwa kijiji kimoja, kasoro ambayo Laana ya Mafarao haikuwa nayo, kwani yenyewe, pamoja na makosa yake yote, ilijua inazungumzia jiji gani, mto gani na karne gani. Mtu akitaka kuona gemu inayojua mahali pake kwa kiwango hicho na inayowaheshimu wafu kwa kiwango cha Zau, bado hajaipata. Mahoka, dungu, upondo, na wale swala waitwao sheshe wanaochezea ukingoni mwa maji yanapopungua vingali vinamsubiri mtengenezaji wake.

Kuna jambo moja dogo la kusikiliza katika gemu ya Zau, ambalo anayeicheza kwa Kiswahili anaweza kulipita bila kulitambua. Sentensi zote zimetafsiriwa, waigizaji wamebadilishwa, na utani umegeuzwa ili ukae vizuri mdomoni mwa Mswahili. Lakini Zau anapomwita marehemu, neno analolitumia ni lilelile katika toleo la Kiswahili na katika toleo la Kiingereza, kwa kuwa tangu mwanzo liliandikwa "Baba" na halikuhitaji kutafsiriwa.